Midomo Niliyoifumba

Njooni mkae mbele yangu, wanangu, msikae ubavuni wala kichwani. Kila mmoja avute kiti mpaka miguuni pa kitanda ambapo nitawaona nyuso, na wewe kitinda mimba weka simu chini, kwa maana leo nasema mara moja tu, sina pumzi ya kurudia. Pazia liacheni wazi. Kama sauti yangu ni kubwa mno nivumilieni, na kama ni ndogo mno sogeeni, kwa sababu mimi mwenyewe siisikii, na hilo ndilo jambo la kwanza katika wosia huu: mama yenu ni kiziwi. Si kiziwi wa juzi, wa uzee na dawa za hospitali, kama daktari alivyowaambia. Mimi ni kiziwi tangu wewe mkubwa ulipokuwa darasa la nne, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kujua, kwa sababu nilijifunza kusikia kwa macho, mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyesikia kitu.

Mnajua nilikuwa mfumaji wa nguo katika kiwanda kikubwa, lakini hamjui ule ukumbi ulivyokuwa. Mashine mia mbili na kumi ziligonga kwa pamoja tangu kengele ya asubuhi, na mgeni akiingia mara ya kwanza kelele ile haikumwingia masikioni, ilimwingia kifuani mpaka meno yakagongana. Hatukupiga kelele mle, maana kelele juu ya kelele ni upuuzi. Tulisema kwa midomo. Unafungua kinywa vizuri, unatamka polepole bila sauti, na mwenzako aliye mashine ya sita kutoka kwako anasoma kila neno. Tulipeana habari za misiba na za ndoa, tukamsengenya msimamizi akiwa amesimama katikati yetu, naye maskini alikaa mwaka mzima akidhani tunatafuna pipi. Baada ya miaka kumi masikio yanakufa, moja baada ya jingine, ila hakuna aliyesema, kwa sababu kila mwaka kiwanda kilitupima, na aliyeshindwa aliondolewa mashineni akapewa ufagio. Uziwi wetu ulikuwa kama ugonjwa wa aibu, kila mtu anao na hakuna anayeutaja. Muuguzi alikuvisha vidude masikioni, akabonyeza kitufe chini ya meza, nawe ukisikia mlio unanyoosha mkono. Nyuma yake palikuwa na kabati la dawa lenye vioo, na katika kioo kile niliona kidole chake. Kikishuka, nanyoosha mkono. Miaka ishirini aliniandikia kwamba nina masikio mazuri.

Sasa mmeanza kutazamana. Tazamaneni tu. Mmesahau kwamba mmekaa wiki tatu katika chumba hiki mkisema mbele ya mfumaji.

Wewe mkubwa ulisimama pale dirishani ukimenya chungwa, ukasema, "Daktari alisema wiki mbili. Hii sasa inaingia ya nne." Dada yako akasema, "Nyamaza, atasikia." Ukamjibu, "Asikie na nini?" Mkacheka wote. Kitinda mimba akasema, "Mimi natangaza mapema, chumba cha mbele ni changu, niliahidiwa," na dada mtu akamuuliza, "Uliahidiwa na nani, na panya?" Hapo nami nilitaka kucheka, nikajizuia. Na wewe binti yangu, juzi ulifungua kabati ukavaa viatu vyangu vya ngozi, ukatembea navyo toka mlangoni hadi dirishani, ukamwambia kaka yako, "Vinabana kidogo, lakini vitatanuka." Havitatanuka. Mguu wako ni wa marehemu baba yenu, na hata yeye viatu vilimshinda.

Usilie. Machozi yanakunja midomo na ninashindwa kukusoma.

Basi mgawanyo wa vitu vidogo ni huu, na msiupindue. Viatu apewe mama anayenifulia, mguu wetu ni mmoja. Cherehani ni yako binti yangu, si kwa sababu unajua kushona, bali kwa sababu ni nzito na utalazimika kuomba msaada kuibeba, jambo ambalo hujawahi kulifanya kwa adabu. Redio ni ya kitinda mimba. Nimeifungua kila asubuhi miaka yote hii ili nyinyi mdhani nasikia, kwa hiyo haijachoka kwa kusikilizwa. Baiskeli ya baba yenu muiache ilipo, ukuta umeshaizoea. Nyumba nitaisema mwishoni, najua ndiyo iliyowaketisha, na kwa sababu hiyo mtanisikiliza mpaka mwisho.

Mkubwa wangu, wewe ni afisa mafunzo wa kampuni kubwa, watu wanakupigia simu hata ukiwa kwa mgonjwa. Jumatatu ulipokea simu hapo hapo ulipokaa. Nilikusoma ukisema, "Mafunzo ni siku mbili, kwa kompyuta, kila mtu na skrini yake. Wale wazee thelathini na wanane najua hawatapita. Barua zao za kuachishwa kazi nimeshaziandaa ziko kwenye droo, bado tarehe tu." Ukasikiliza kidogo, kisha ukasema, "Bwana, samaki mkunje angali mbichi," ukacheka.

Nilifumba macho. Mlidhani ni maumivu, mkaniongezea dawa. Sikuwa na maumivu. Nilikuwa nimeyaona maneno yangu mwenyewe yakitoka katika kinywa cha mwanangu, yakiwa yamenenepa, yamevaa suti. Nisikilize basi nikuambie yalikozaliwa, maana mtu anapaswa kujua nasaba ya kitu kinachomlisha.

Nilipoingia kiwandani nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sijui lolote. Aliyewekwa kunifundisha alikuwa mwanamke aliyenipita miaka minne, ambaye wote walimwita Vidole. Uzi ukikatika mashineni, mfumaji anasimamisha, anatafuta ncha mbili, anafunga fundo dogo lisiloonekana, anawasha tena. Vidole alifunga fundo kabla wewe hujaiona ncha. Mimi mafundo yangu yalikuwa makubwa, yakatokeza kwenye kitambaa kama chawa mgongoni mwa mtoto, na siku ya tatu Vidole aliinua kitambaa changu juu, ukumbi mzima ukaona, akatamka kwa midomo yake mikubwa, "Huyu tumwite Chawa." Mia mbili walicheka bila sauti, na jina likakaa. Mimi, mama yenu, ambaye nyinyi mmenijua kwa heshima, niliitwa Chawa kwa miaka ishirini na tisa. Nilipopata mimba yako mkubwa, waliuliza mtoto wa Chawa atazaliwa lini. Nami nilicheka nao. Vidole alikuwa rafiki yangu, alikula kwangu nami nikala kwake, alinisaidia kumzika baba yenu, alikubeba mgongoni wewe binti yangu ulipougua, na hata siku moja katika hizo zote sikumsamehe.

Nilipofika miaka hamsini na miwili, kampuni ilinunua mashine mpya za kufuma, zenye skrini na vitufe. Wakubwa hawakuwa watu wabaya, hilo niliseme wazi. Walisema wafumaji waliopita miaka hamsini wasifukuzwe, wafundishwe wiki sita, na watakaofaulu watapata nafasi nne za kusimamia mashine hizo. Tulikuwa wanawake kumi na wawili. Walituletea mkufunzi kijana, mpole, mwenye pumu, na kwa ajili ya vumbi la pamba alivaa barakoa toka asubuhi mpaka jioni. Alisimama mbele yetu amefunika mdomo, akageukia skrini, akafundisha.

Mnaelewa sasa. Wanawake kumi na wawili wanaosikia kwa macho, na mwalimu aliyefunikwa mdomo. Kila alipogeuka na kusubiri, tulijua ameuliza kama tumeelewa, tukatikisa vichwa wote kumi na wawili kama kuku wanaodonoa. Nani angenyanyuka kusema, sikusikia? Angepelekwa kwa muuguzi, na kutoka kwa muuguzi kwenye ufagio. Siku ya tatu mkufunzi alianza kutusemesha polepole, kama watoto wa chekechea, akiinua mikono, lakini barakoa aliiacha palepale. Vijana wa idara nyingine walipita dirishani wakituchungulia. Kuna aliyeandika mlangoni kwa chaki, "Bweni la mabibi."

Mimi nilikuwa kiziwi kama wenzangu, ila siku ya nne niliona jambo ambalo wao hawakuliona. Saa ya chakula mkufunzi alikwenda kantini, akakaa peke yake kwenye meza ya pembeni, akavua barakoa ili ale. Nikachukua sahani yangu nikakaa mbele yake. Nikamwambia, mwanangu, hebu nirudishie lile la asubuhi, mimi ni mzito kidogo. Akafurahi maskini, akanirudishia somo zima huku anatafuna, nami nikalisoma kila neno katika kinywa kilichojaa chakula. Nilifanya hivyo kila siku. Nilimbebea sinia, nikamletea maji. Mashine nzima nilijifunza hapo, kitufe kwa kitufe, na hata amri za mtihani na mahali atakapozibadilisha nilizisoma kinywani mwake.

Vidole aliona. Akanitania kwa midomo toka upande wa pili wa kantini, "Chawa, umempata mkwe au mume?" Lakini hakuwa mjinga. Siku iliyofuata alikuja na sahani yake mpaka mezani petu, akasimama mbele ya kiti cha tatu kilichokuwa kitupu. Nikachukua mkoba wangu nikauweka juu ya kile kiti. Nikamwambia, "Pana mtu." Akakitazama kiti, akanitazama mimi. Akaenda kula amesimama karibu na mapipa.

Wiki ya tatu mkuu wa mafunzo aliniita ofisini. Ilikuwa ofisi ndogo yenye feni na jagi la maji, na yeye alikuwa na mdomo mkubwa ulio rahisi kusoma, Mungu alimuumba kwa ajili ya viziwi. Akaniambia, "Mama, wewe unaelewa vizuri. Wenzako wana nini? Ni lugha? Ni macho? Niambie nibadilishe, bado kuna muda." Neno moja tu lilitakiwa. Ningesema, mwambieni kijana avue barakoa na awatazame usoni. Si siri ya vita hiyo, wala si kazi ya mhandisi. Nikatazama feni kidogo, nikamwambia, "Ni uzee tu, bwana mkubwa. Samaki mkunje angali mbichi."

Akaliandika. Nilimwona akiliandika.

Usinitafutie sababu, binti yangu, naona midomo yako inaandaa sababu. Ni kweli nilikuwa mjane, ni kweli mlikuwa mnasoma. Lakini nafasi zilikuwa nne. Nne. Ningeweza kuwainua wengine watatu pamoja nami na bado mngesoma. Nilitaka niwe peke yangu. Nilitaka siku moja ukumbi mzima usimame nami nibaki nimekaa. Hakuna kingine. Msiupambe uovu wangu kwa njaa yenu.

Mtihani ulifanyika mbele ya watu wote, kila mmoja na mashine yake, mkufunzi amesimama nyuma yako akitoa amri, na vijana watakaokuwa wasaidizi wamejipanga ukutani wakitazama. Mimi nilimaliza wa kwanza, nikaambiwa nibaki palepale nilipo, mbele ya mashine ya Vidole, uso kwa uso. Vidole hakuwa amesikia somo hata moja, lakini alikuwa ametazama mikono ya mkufunzi wiki sita, na vidole vyake vilikuwa vimekariri mpangilio. Akabonyeza cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa. Cha tatu na cha nne, nikaanza kuogopa. Hapo mkufunzi akabadilisha mpangilio. Alisema kitu nyuma ya barakoa yake, nami nilikijua bila kukisikia, kwa sababu alishanidokezea kantini, na kwangu pia aliubadilisha hapo hapo: "Simamisha."

Vidole alihisi kwamba amesemeshwa. Akainua macho akanitazama, akanyanyua nyusi. Hilo lilikuwa swali letu la miaka yote, kila mmoja ukumbini alilijua: anasemaje? Mara elfu ngapi aliniuliza nikamjibu, na mara elfu ngapi nilimuuliza akanijibu. Akatazama midomo yangu akingoja.

Nikaifumba. Sikuifumba kama mtu aliyenyamaza. Niliifumba kama mtu anayefunga mlango huku akimtazama mgeni machoni.

Akabonyeza kitufe cha tano alichokariri. Mashine ikaongeza mwendo badala ya kusimama, kitambaa kikavutwa upande, na nyuzi za mtande, zile ndefu zinazobeba nguo yote, elfu tatu, zikakatika mbele yake kama nywele. Mkufunzi akamshika bega akamvuta nyuma. Vijana ukutani walicheka, mmoja akapiga makofi. Na Vidole je, wanangu? Aliinama akatafuta ncha mbili za uzi, akafunga fundo. Akatafuta nyingine mbili, akafunga. Alitaka kuzifunga zote elfu tatu kwa mkono. Alifunga kama sitini hivi, mafundo madogo yasiyoonekana, kabla hawajamshika mikono na kumtoa nje.

Wote kumi na mmoja walishindwa. Walipigiwa makofi, na kila mmoja akapewa saa ya ukutani. Watu ambao hawatakiwi popote wakapewa saa. Ripoti ikaandikwa kwamba mafunzo kwa wafanyakazi wazee yamejaribiwa na wazee hawafundishiki, na tangu siku ile kila aliyefika hamsini katika kampuni ile hakujaribiwa tena, alipewa barua. Sijui ni wangapi. Mimi nilifanywa msimamizi, kisha mkufunzi wa vijana, nikawa mfano, nikapigwa picha, na hakuna tena aliyeniita Chawa. Hapakuwa na mtu aliyebaki wa kuniita. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa ndani ya nguo ile.

Mkubwa wangu, ulikuja likizo toka chuoni ukaniuliza, "Mama, mbona Mama Vidole haji tena?" Nikakujibu, "Wazee hawafundishiki, mwanangu." Ukaliandika katika utafiti wako, ukanisomea kwa fahari: kama asemavyo mfumaji mwenye uzoefu. Kwa maneno yale ulisifiwa, na kwa sifa ile ukaajiriwa. Kwa hiyo unapouliza moyoni nakuachia nini, jua urithi wako ulishauchukua miaka ishirini iliyopita, na umeutumia vizuri kuliko mimi. Mimi niliwashusha kumi na mmoja na wengine nisiowajua. Wewe unao thelathini na wanane kwenye droo, na hata mtihani hawajaufanya.

Nikupe ushauri? Nitakupa, ingawa najua hutaufuata, kwa kuwa nakujua, nilikufundisha mimi. Kabla hujawafundisha wazee wale kitu, nenda ukasimame nao kazini siku tatu ukiwa umefunga domo lako, utazame wanajuaje wanachokijua, wanasikia kwa kitu gani, wanashika kwa kitu gani, wanaficha nini. Wafundishe ukiwatazama usoni. Waache wakosee bila watazamaji. Mzee hachelewi kuelewa, anachelewa kukubali kuchekwa. Na akitikisa kichwa usimwamini, mwambie akuoneshe kwa mikono. Yeye si samaki. Samaki ameshakufa ndiyo maana hakunjiki.

Umenyanyua mkono unasema, "Mama, pumzika." Husemi pumzika kwa ajili yangu. Kaa.

Watu watasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nyinyi mlifunzwa na mama yenu, tena vizuri, ndiyo maana ulimwengu haujapata la kuwaongezea.

Maji. Kidogo tu. Inatosha.

Sasa nyumba. Nyumba ni yenu watatu sawasawa, hilo nimeliandika na kulitia kidole. Ila hati yake hamjaipata, najua, maana mmeitafuta. Wewe mkubwa ulipapasa chini ya godoro nikiwa nimelala juu yake. Kitinda mimba ulifukua sakafu ya stoo ukasingizia panya, panya wale wale waliokuahidi chumba. Binti yangu ulinikagua hata mto, ukisema unaufua. Bila karatasi ile nyumba hii haigawiki wala haiuziki, mtakaa humu kama abiria kwenye kituo, na miaka miwili haitaisha kabla hamjashikana makoo. Mahali ilipo napajua mimi peke yangu. Siwaambii.

Tulia, mkubwa. Usinishike mkono hivyo. Sijasema haitajulikana. Nimesema siwaambii nyinyi.

Kwenye korido, kwenye benchi la viatu, amekaa mwanamke toka adhuhuri. Nilimtumia ujumbe kupitia mwenye duka la kona, maana anakaa mitaa mitatu toka hapa, na miaka ishirini nimekuwa nikizunguka njia ndefu ya sokoni nisipite mlangoni pake. Sikudhani angekuja. Binti yangu, nilikusoma ukiwa mlangoni ukimwambia, "Bibi, mgonjwa hapokei wageni, na nguo za kufua leo hatuna." Naye alitikisa kichwa, akakaa. Ulidhani amekuelewa. Yule ndiye Vidole. Ndiye aliyekubeba mgongoni siku mbili ulipokuwa na homa.

Amekuja kunizika au kunizomea, sijui. Vyote ni haki yake. Sitamwomba msamaha. Msamaha ni kumtwisha mtu mzigo mwingine juu ya ule uliomtwisha kwanza, aanze kuhangaika kama atoe au asitoe. Nitampa kile nilichokuwa nacho mimi siku ile mashineni, neno ambalo wengine wanalingoja, basi.

Mtamwita aingie. Sauti yangu imefika mwisho, mnaona wenyewe mnavyoinama. Hata ingekuwepo nisingeitumia. Nitamwambia kwa midomo, kama tulivyokuwa tukisema. Kwanza nitamwambia nilichosema ofisini mbele ya feni, kwa sababu lile la mtihani analijua, alikuwapo. La ofisini halijui. Amekaa miaka ishirini akidhani ni vidole vyake vilivyomwangusha. Halafu, akishalijua, nitamwambia hati ilipo. Kwa mpangilio huo, sitaubadilisha.

Nyinyi mtakuwa mmesimama hapa mkitazama midomo yangu ikicheza na hamtaambulia neno. Mlikuwa na miaka yote ya kujifunza. Hamkuwahi kunitazama kwa muda mrefu kiasi hicho.

Kisha mtamtazama yeye. Mtanyanyua nyusi. Anasemaje? Akiwaambia, mshukuruni, mmpe kiti cha mbele siku ya mazishi, awe mama yenu kwa umri uliombakia. Akifumba midomo, msimguse, msimtukane, msimfuate kwake. Mfungulieni mlango aende. Atakuwa amefanya nilichomfundisha, na mtajua kwamba wazee wanafundishika.

Mazishi yawe asubuhi. Yawe mafupi. Asisimame mtu kusema nilikuwa mwalimu wa wengi. Zile picha za kiwandani mzitoe ukutani.

Baraka... zipo. Zipo kidogo, zigawaneni. Mungu awape uzee mrefu, wanangu. Awape masikio mpaka siku ya mwisho. Yakiwashinda masikio, awape mtu wa kuwatazama usoni anaposema nanyi. Awape watoto... wasiofanana na mimi. Kitinda mimba, wewe nilikupenda. Uliniosha miguu. Nilikuona... ulidhani nimelala.

Mkubwa, toka hapo dirishani. Unaniziba mwanga, uso wangu unataka mwanga. Binti... fungua mlango. Usimwite, hasikii. Mguse bega. Kwa adabu.

Simameni nyuma yake. Nyuma.

Huyo. Amezeeka. Hajaacha... kutembea vile.

Vidole. Sogea. Hapo hapo, basi. Unaiona midomo yangu?